Kigoma hadi Mtwara kwa ndege: mambo ya kuzingatia kabla ya kukata tiketi

Ukipima kwa rula kwenye ramani, uwanja wa ndege wa Kigoma na ule wa Mtwara vimeachana takriban kilomita 1,300. Ndege ya mapangaboi kama Q400, inayokwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa, ingezimaliza kwa saa mbili na ushee. Hesabu hiyo isikudanganye. Safari za kawaida za abiria hupitia Dar es Salaam: kilomita 1,080 hivi kuifikia, kisha 400 nyingine kushuka kusini. Angani utakaa kama saa tatu, lakini siku yako itaamuliwa na muda utakaosubiri Dar.

Kwa hiyo anza na swali la kuunganisha ndege. Ukiweza, kata tiketi moja hadi mwisho wa safari, ili ya kwanza ikichelewa, kukutafutia nafasi nyingine iwe kazi ya shirika. Ukikata mbili tofauti, hasara ni yako, na begi utalichukua Dar na kulikabidhi upya. Mimi niliwahi kujiachia saa moja na nusu tu. Ndege ikapitia Tabora kuchukua abiria, mvua ikaizuia huko, nikalala Dar kwa fedha nisizozipangia. Tangu siku ile siachi chini ya saa nne, na miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili, natafuta ndege ya asubuhi kabisa. Uliza pia kama ndege yako inatua njiani, na utaondokea jengo gani la abiria pale Dar.

Saa za kwenye tiketi zisomwe kwa utulivu. 06:40 si saa sita na dakika arobaini mchana, ni saa kumi na mbili na dakika arobaini alfajiri. Ukimkatia mzazi tiketi, mwandikie pembeni saa ya Kiswahili kwa kalamu.

Jina lilingane na kitambulisho. Pawabenki ibaki kwenye mkoba wa mkononi. Na kwa kuwa hakuna anayetoka Kigoma mikono mitupu, dagaa na migebuka iwe imekauka sawasawa, ifungwe mifuko miwili, iingie kwenye ndoo yenye mfuniko. Ulizia mapema kama wanapokea, na kwa kilo ngapi.

Jambo moja wengi hulisahau: saa ni moja nchi nzima, ila jua la Mtwara huchwa kama dakika 40 kabla ya la Kigoma. Aliyefunga atafuturu kwa magharibi ya Mtwara. Ukitua saa moja jioni, giza linaingia. Kama unaendelea Newala au Masasi, panga gari kabla hujaondoka Kigoma, au ulale Mtwara mjini uamkie safari.