Biri ya jani hafifu ivute kabla ya nyeusi

Kama ulizoea biri (sigara nene za majani ya tumbaku) zilizofungwa kwa jani jeusi liitwalo maduro ukaona zile za kahawia hafifu hazina ladha (mimi nilizidharau mwaka mzima), geuza mpangilio: ile hafifu, iitwayo Connecticut, ivute asubuhi, kinywa kikiwa safi, kwa kahawa ya maziwa, pafu moja kwa dakika. Jani lake la nje hukuzwa chini ya vitambaa vya kivuli, hivyo ni jembamba na ladha yake ni ya taratibu, kama krimu na karanga. Ukivuta haraka linaungua na kuwa chungu. Baada ya nyama choma usijisumbue, hutaonja kitu. Na rangi isikudanganye: nguvu hutoka zaidi kwenye tumbaku ya ndani, kwa hiyo baadhi ya hizo hafifu zitakuzungusha kichwa.