Somo: Pima klachi mwenyewe kabla giaboksi haijashushwa

Madereva wa Moshi wanajua klachi zinavyoliwa huku. Ukitoka mjini kwenda Kibosho, Uru au Old Moshi ni kupanda mwanzo mwisho. Ikifika mwezi wa kumi na mbili, watu wakirudi nyumbani na magari yaliyojaa hadi juu, ukipita njia za migombani baada ya mvua unasikia harufu ya klachi kabla hujaliona gari lenyewe.

Shida ni kwamba gari likianza kusumbua gia, mafundi wengi wana jibu moja: "Klachi imekwisha, tushushe." Giaboksi ikishakuwa chini, pleti (ile sahani ya klachi inayoliwa) yoyote iliyotumika itaonekana imechoka, na huna la kubisha. Kwa hiyo pima kwanza. Unahitaji tochi, mawe ya kuzuia tairi, na mtu wa kukukanyagia pedali.

Hatua ya 1: Mafuta. Kirikuu (pikapu ndogo kama Suzuki Carry) na baadhi ya gari nyingine ndogo hutumia kebo. Hilux, Land Cruiser na Hiace zina masta ya juu (pampu iliyo kwenye pedali) na masta ya chini (iliyo kwenye giaboksi), zinazofanya kazi kwa mafuta ya breki. Kama chombo cha mafuta kimepungua, usijaze ukafunga boneti ukaondoka. Mafuta ya klachi hayaungui wala hayaliwi; yakipungua, mara nyingi yamevuja mahali. Ingiza mkono chini ya dashibodi, papasa kile chuma kinachotoka kwenye pedali kuingia ukutani. Vidole vikitoka na unyevu, masta ya juu imekufa raba. Kisha lala chini ya gari, shika ile raba ya vumbi kwenye masta ya chini na uikunje kwa kidole. Ikiwa nzima, ndani ni vumbi tu. Ikiwa mbovu, tone jeusi linateremka mpaka kwenye kiganja, na hapo umeshajua bila kufungua nati hata moja.

Hatua ya 2: Pedali. Isukume kwa mkono. Mwanzoni iwe na uhuru kidogo kabla haijawa ngumu. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha gari lako. Ikikosa kabisa uhuru, klachi inakaa kama imekanyagwa nusu muda wote na pleti inakwisha upesi. Uhuru ukizidi, klachi haikati vizuri, yaani haitenganishi injini na giaboksi sawasawa.

Hatua ya 3: Je, inakata? Gari likiwa limezimwa, pitisha gia zote. Kisha washa, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri kidogo, ingiza rivasi. Kama gia ziliingia laini lilipokuwa limezimwa na sasa rivasi inakwaruza au inagoma, klachi haikati. Pampu pedali haraka mara kadhaa ujaribu tena. Ikikubali baada ya kupampu, kuna upepo kwenye mafuta au masta imechoka. Hapo ukimruhusu mtu ashushe giaboksi, umemchangia karo. Toa upepo, badilisha masta, pima tena. Ikiwa masta na kebo ni nzima na bado haikati, ndipo tunaanza kuishuku pleti kupinda, au presha pleti (ile inayoibana pleti).

Hatua ya 4: Je, inashika? Tafuta mlima usio na msongamano. Barabara ya Himo kwenda Marangu inatosha. Ukiwa namba nne na mwendo wa wastani, kanyaga mafuta hadi chini. Injini ikilia na mshale wa mizunguko ukaruka huku spidi iko palepale, klachi inateleza. Usipopata mlima, weka mawe mbele na nyuma ya tairi, vuta handbreki, kanyaga breki, ingiza namba nne, uachie klachi taratibu kama unayeondoka. Klachi nzima inazima injini. Injini ikiendelea kuunguruma na pedali iko juu, zima. Usirudierudie kipimo hiki, kila mara unaiunguza, na mtu yeyote asisimame mbele ya gari.

Hatua ya 5: Sauti. Weka fri, injini inaunguruma. Sauti ikija unapokanyaga klachi, ni rilizi beringi (ile inayosukuma presha pleti ukikanyaga). Ikiwepo mguu ukiwa mbali na kupotea ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya giaboksi. Hiyo bei yake ni nyingine.

Gari linalotetemeka wakati wa kuondoka, angalia mauntingi za injini (raba zinazoishikilia injini) kwanza. Ni rahisi, na zinasahaulika sana.

Ikithibitika ni kushusha, badilisha pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja, flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti inalishika) ikaguliwe, na lile vumbi lisipulizwe kwa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa kibichi. Pleti za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kirikuu yangu inabeba ndizi kutoka Marangu. Nimefunga klachi mpya, haijamaliza hata miezi miwili inateleza tena.*

Anza na kebo, huenda imekazwa mno. Kama uhuru upo, chungulia chini pale injini inapokutana na giaboksi. Ukiona oili inachuruzika, sili (raba inayozuia oili isivuje) imepasuka na pleti inaoga oili. Ukifunga pleti nyingine bila kubadilisha sili, tutaonana tena.

*Shikamoo fundi. Pedali ikizama njiani na niko peke yangu, nafikaje gereji?*

Marahaba mama. Pampu kwanza, mara nyingi inarudisha gia moja au mbili. Ikigoma, na mbele pako wazi, zima gari, ingiza namba moja, uwashe likiwa kwenye gia. Litaondoka lenyewe kwa stata. Tembea nalo hivyohivyo polepole, na ukitaka kusimama, zima. Kuna magari hayawaki mpaka klachi ikanyagwe, na kwenye foleni ya mjini usijaribu kabisa. Hapo piga simu uvutwe.

*Konda wangu aliongeza oili ya injini kwenye masta, tulikuwa hatuna nyingine. Inafanya kazi.*

Itafanya kwa muda. Oili ya injini inavimbisha zile raba mpaka zinakwama. Kama Hiace yako chombo cha breki na cha klachi ni kimoja, acha kubeba abiria leo. Raba za masta zibadilishwe, mfumo wote usafishwe, na uweke DOT 3 au kile kilichoandikwa kwenye kifuniko.