Kabla hujaachia programu yako, ijaribu kwenye shida za kweli

Jamani kabla hujaachia programu kwa watu jiulize kwanza, hii kitu nimeijaribia wapi? Maana wengi wetu tunatesti kwenye laptopu yenye nguvu, waifai imetulia, databesi ina watu kumi ambao wote tumewatunga wenyewe, halafu tunasema iko poa. Iko poa kwako. Mtumiaji wako ana simu ya miaka mitano iliyopita, nafasi imebaki kiduchu, chaji asilimia 8 na mtandao unakuja na kukata.

Kwa hiyo andaa mazingira ya majaribio yanayofanana na yale itakakoishi, seva ya aina ileile, toleo lilelile la databesi, na data nyingi kama zitakazokuwepo baada ya mwaka. Ukurasa unaofunguka fasta ukiwa na rekodi 200 unaweza kuganda kabisa zikifika milioni 2. Ila data za wateja wa kweli usizikopi zikiwa na majina na namba zao za simu, tengeneza za bandia, hapo mimi sina mjadala.

Na hizo za bandia zisiwe za kuibembeleza programu. Weka jina lenye ng' na kile kialama chake, fomu kibao zinagomea hapo, weka mtu mwenye jina moja tu, aliyezaliwa tarehe 29 Februari, sehemu zilizoachwa wazi. Roketi ya Ariane 5 iliharibika angani kama sekunde 40 tu baada ya kuruka, tarehe 4 Juni 1996, safari yake ya kwanza, kisa kipande cha programu kilichorithiwa kutoka Ariane 4 kilijaribu kuingiza namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16 na haikuenea. Kwenye roketi ya zamani kilifanya kazi vizuri, shida ni kwamba hakikujaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya yenyewe. Inauma, kwa sababu jaribio la mezani tu lingeweza kulionyesha.

Sasa mtandao, hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Chukua simu ya kawaida, ya kushika mkononi, maana ile ya kuigiza ndani ya kompyuta inakula nguvu za kompyuta yako na inakudanganya spidi. Punguza mtandao makusudi, Chrome na Firefox zote zina sehemu ya kufanya hivyo. Bonyeza Lipa. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, sekunde ya sita mtu anaona kama haijaenda anabonyeza tena, na huko kwenye seva yameingia maombi mawili, pesa imekatwa mara mbili. Hili ukiwa kwenye waifai nzuri hulioni hata utesti mara mia. Kata mtandao kabisa katikati ya malipo, piga simu iingie, zima skrini, rudi baada ya dakika kumi uone imekumbuka nini.

Huduma za nje kama za malipo na meseji huwa zina sehemu yao ya majaribio, lakini pale mara nyingi jibu linarudi haraka na ni ndiyo. Tengeneza ya kwako inayochelewa, inayokataa, inayojibu mara mbili. Na hakikisha meseji za majaribio haziwafikii watu wa kweli, nilishaona wateja wanaamshwa usiku na ujumbe wa deni ambalo halipo, kuomba msamaha kwake ni kazi.

Mwisho ni siku yenyewe ya kuachia. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5, majaribio yalipita lakini lile faili halikuanza na kikundi kidogo kwanza. Wewe anza na asilimia 1 ya watu, subiri, angalia makosa yanayoingia, ndo uongeze. Na kurudisha toleo la zamani mfanyie mazoezi kabla, mkiwa mmeshika saa, maana kama nusu saa nzima imeisha mnatafutana nani ana nywila ya seva basi bado hamjawa tayari, ahirisheni.