Mgonjwa Anayetapika: Mhudumie kwa Kijiko

Kinachomdhuru zaidi mtu anayetapika ni maji na chumvi zinazomtoka. Kazi ya kwanza nyumbani, basi, ni kuzirudisha, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mgonjwa ana kiu, anapewa bilauri nzima, anagugumia, na kabla hajakaa vizuri yote yamerudi. Tumbo lililochafuka likijazwa ghafla hutanuka, na kutanuka huko kunatosha kuamsha kutapika upya.

Akishatapika, asukutue mdomo, kisha apumzike dakika 10 bila kupewa chochote. Baada ya hapo mpe ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Kijiko hicho hubeba mililita 5, kwa hiyo kimoja kila dakika ni mililita 300 kwa saa. Si haba. Akitapika tena, subiri dakika 10 nyingine uanze upya, polepole zaidi. Kazi hii inachosha, kwa hiyo pokezaneni. Mtoto anayenyonya asikatishwe ziwa: anyonye kidogo kidogo, mara nyingi.

Pakiti ya kawaida ya ORS huchanganywa na lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Soma maandishi yake, maana zipo pia pakiti ndogo. Ya lita moja ukiitia kwenye chupa ya nusu lita, dawa inakuwa kali mno: inavuta maji kuyaingiza utumboni na kupandisha chumvi kwenye damu, hatari hasa kwa mtoto. Ukiitia kwenye chupa ya lita moja na nusu inakuwa hafifu. Usiichemshe ikishachanganywa, na ikipita saa 24 mwaga. Pakiti ikikosekana, tumia lita moja ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Onja kabla ya kumpa: ikizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze tena.

Madafu, ambayo Tanga hayakosekani, yanaburudisha na yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake, ile iliyomo kwenye chumvi, ni ndogo, hayashiki nafasi ya ORS. Soda na juisi ya miwa ziache kabisa kama anaharisha pia, kwa sababu sukari nyingi huzidisha kuharisha.

Saa nne zikipita bila kutapika, mpe uji mwepesi, ndizi mbivu au wali mkavu. Nazi na vya kukaanga vingoje, kwa kuwa mafuta hukaa tumboni muda mrefu.

Huku ukimhudumia, muulize alikula nini na lini. Kutapika kunakoanza kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula kiporo cha wali mara nyingi ni sumu ya bakteria waliozaliana wali ulipolala nje kwenye joto. Kupasha moto hakuondoi sumu hiyo. Vivyo hivyo kwa jodari au kibua aliyekaa juani bila barafu: uso huwa mwekundu, kichwa kinagonga na moyo unaenda mbio ndani ya saa moja, hata kama samaki alipikwa akaiva. Midomo ikifa ganzi baada ya kula samaki aitwaye bunju, usingoje lolote. Sumu yake huzuia kupumua.

Pakiwa na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Akitapika dawa mseto ya malaria ndani ya nusu saa, dozi hiyo irudiwe, na mjulishe mhudumu ili nyingine zisipungue. Dawa za kuzuia kutapika usimnunulie mtoto kienyeji: metoklopramidi inaweza kumkaza shingo na kumgeuza macho.

Mjamzito ale biskuti kavu kabla hajanyanyuka kitandani, ale kidogo kila saa mbili au tatu, na anywe chai ya tangawizi isiyo kali. Vidonge vya chuma vikimchafua, avinywe usiku baada ya chakula. Wengi hupata nafuu kufikia wiki ya 16. Anayepungua uzito au asiyebakiza hata maji anahitaji dripu.

Peleka hospitali bila kuchelewa ukiona damu, matapishi meusi kama mashapo ya kahawa au ya kijani, shingo ngumu, degedege, tumbo lililokaza, macho au utosi uliodidimia, kuchanganyikiwa, au mkojo usiotoka kwa saa 8. Kuharisha maji kama ya mchele ni dalili ya kipindupindu: anza ORS njiani.

Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, wala asipewe maziwa. Mafuta yakipanda huingia mapafuni. Mkimbize hospitali ya Bombo, kama uko Tanga, au kituo kilicho karibu, na chupa yenyewe uichukue.