Kupanda hadi Mandara na Kreta ya Maundi kwa siku moja ukitokea Moshi

Wakazi wengi wa Moshi na Arusha wameutazama Mlima Kilimanjaro maisha yao yote bila kuukanyaga, kwa kuamini kwamba hauendeki pasipo siku tano na akiba kubwa ya fedha. Hata hivyo, kutoka Lango la Marangu hadi kituo cha Mandara, kilichopo takriban mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ni kama kilomita nane tu za njia nzuri ndani ya msitu, na mtu mwenye afya ya kawaida huenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kazi yangu ni kuongoza wageni katika njia hii, na jambo ninalomsisitizia kila anayeniuliza ni kuipanga siku kwa kuanzia mwisho wake.

Hatua ya 1: Weka saa ya kugeuka

Kupanda huchukua saa tatu hadi nne, kushuka saa mbili hadi tatu, na Kreta ya Maundi, shimo la volkano lililo juu kidogo ya Mandara, pamoja na chakula cha mchana huhitaji saa moja na nusu. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, lakini chini ya miti giza hutangulia. Kwa hiyo anza kutembea kabla ya saa tatu asubuhi, na ikifika saa nane mchana geuka, popote ulipo. Niliwahi kukubali kuanza saa tano kwa sababu kikundi kilichelewa mjini. Tulishuka kwa mwanga wa simu huku mama mmoja akishika bega langu kwa sababu hakuiona mizizi, na tangu siku hiyo sijarudia.

Hatua ya 2: Kibali na mwongozaji

Sheria za hifadhi hazimruhusu mtu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, hata kwa siku moja. Viingilio vya raia wa Tanzania ni tofauti na vya wageni, hivyo beba kitambulisho cha taifa. Uliza viwango vya sasa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na ulipie mapema kwa kumbukumbu namba ya malipo, kwani foleni ya langoni hula saa ile ile uliyoihesabu katika hatua ya kwanza.

Hatua ya 3: Viatu

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Si lazima ununue vipya. Soko la Memorial mjini Moshi lina viatu vya mtumba vya kupandia milima vilivyo imara kuliko vingi vya dukani. Vaa soksi nzito utakazotumia siku hiyo, simama kwenye ngazi huku vidole vimeelekea chini, kisha bonyeza mwili mbele. Vidole vikigusa ncha ya kiatu, kiache, kwa maana wakati wa kushuka vitagonga hapo maelfu ya mara na kucha zitakuwa nyeusi kesho yake. Ukivipata vinavyofaa, vizoeshe kwa kutembea navyo mjini wiki mbili.

Hatua ya 4: Begi

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100, na Mandara iko juu ya mji wa Moshi kwa zaidi ya mita 1,800, hivyo mchana wa nyuzi 30 mjini unaweza kuwa wa nyuzi 19 kule juu, tena ukiwa umelowa jasho. Beba sweta, koti la mvua hata anga likiwa jeupe, fulana kavu ya kubadilisha, lita mbili za maji, tochi, na chakula kisichoharibika: ndizi, mayai ya kuchemsha, karanga. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019. Miezi ya Machi hadi Mei njia huwa na matope mengi. Mimi hupendelea Januari, Februari na Septemba.

Hatua ya 5: Njiani

Daladala za Marangu hupitia Himo na kukushusha Marangu Mtoni, na kutoka hapo bodaboda itakufikisha langoni. Ukianza kupanda, tembea kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza bila kuhema. Inua macho uwaone mbega, kisha uyainamishe ukingoni mwa njia, penye unyevu: utaona ua dogo jekundu lenye ncha ya njano, lililojikunja kama mkonga. Hilo ni *Impatiens kilimanjari*, na halioti penginepo duniani ila kwenye mlima huu.

Hatua ya 6: Maundi, kisha kushuka

Usiishie Mandara. Robo saa zaidi, msitu unakatika na unajikuta kwenye nyasi za ukingo wa kreta. Mawingu yakikuridhia, vilele vya Kibo na Mawenzi vitakuwa mbele yako, na upande wa chini Ziwa Chala na nyanda za Kenya. Mwenye kichwa kinachouma au kichefuchefu asifike huko. Ashuke pamoja na mwenzake.

Kabla ya kushuka, keti ufungue kamba za viatu, gonga kisigino chini hadi kikae nyuma kabisa, kisha kaza kamba kuanzia kwenye kifundo. Piga hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo.