Kabla friji ya zamani haijatoka mlangoni: mambo ya kuzingatia mpangaji

Mwenye nyumba akikwambia, "Ijumaa nitakubadilishia friji," neno la mwanzo linalokuja mdomoni ni ahsante. Sema ahsante, ndiyo adabu. Lakini kabla ya Ijumaa kufika, kaa naye barazani dakika kumi. Kinachobadilishwa ni sehemu ya nyumba unayoilipia, na gharama ya kukiendesha utaibeba wewe.

Hilo la gharama ndilo ninalotaka lisikike kuliko yote. Katika nyumba nyingi za kupanga, Unguja na Pemba, mpangaji ndiye anayenunua umeme wa TUKUZA, ule wa mita ya kulipia kabla. Mwenye nyumba hulipa dukani mara moja, wewe unalipa kila siku mpaka uhame. Kwa hiyo friji kuukuu iliyopatikana kwa bei ya chini, inayonguruma usiku kucha, ni kodi iliyopandishwa bila ya mtu kutamka kwamba amepandisha kodi.

Yalinikuta Magomeni ya hapa Unguja. Friji ndogo tuliyoikuta ndani ilikufa kompresa, ikaletwa kubwa ya milango miwili, mtumba, ya kupendeza kweli, na nyumba nzima tukafurahi. Yuniti zilizokuwa zikinifikisha mwisho wa mwezi zikawa zinakatika kabla ya wiki ya tatu. Siku moja nikaukagua mpira wa mlango: umekakamaa. Nikabana noti ya elfu moja baina ya mlango na friji, nikaivuta, ikatoka kama haikubanwa na kitu. Baridi ilikuwa ikivuja mchana na usiku, kompresa haipumziki. Nilipokwenda kusema nikaambiwa nimepewa kubwa kuliko ile ya mwanzo, sasa nalalamika nini? Sikuwa na cha kujibu, kwa sababu sikuwa nimepima wala kuandika.

Kupima si kazi ya fundi. Friji ya zamani ikiwa bado inafanya kazi, usiku mmoja zima kila kitu, ibaki friji peke yake. Soma yuniti zilizobaki kwenye mita, andika na saa. Alfajiri soma tena. Friji mpya ikija fanya vilevile, ila subiri usiku wa pili au wa tatu, maana siku ya kwanza inapopoa hula zaidi. Friji ya wati 100 ambayo kompresa yake inazunguka saa 8 kwa siku inakula yuniti 0.8. Ya wati 150 inayozunguka saa 12 inakula yuniti 1.8. Tofauti ni yuniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi, na hizo utazinunua wewe. Kiyoyozi ni kizito zaidi: cha BTU 12,000 cha kawaida hula karibu yuniti moja kila saa kompresa inapofanya kazi, ndiyo maana inafaa kumwomba mwenye nyumba alete cha inverta, ambacho kompresa yake hupunguza mwendo chumba kikishapoa, hata kama dukani ni ghali kidogo. Kwenye pampu ya maji uliza swali jingine kabisa: imeungwa kwenye mita ya nani? Nimeona nyumba ya wapangaji wanne ambayo pampu mpya ya tangi iliungwa kwenye mita ya mmoja wao, na mwenyewe hakujua mpaka miezi ikapita.

Kabla kifaa hakijaingia ndani, soma kibati kilichobandikwa nyuma au ubavuni. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, kwa hiyo kibati kiseme volti 220 hadi 240 na hezi 50. Vitu vya mtumba kutoka Japani huwa vya volti 100, na vya Marekani volti 120. Ukivichomeka hivihivi vinaungua. Ukiambiwa kitatumia transfoma, jua kuna boksi jingine linalokula umeme na kupata moto nyumbani mwako, na una haki ya kukikataa.

Tazama na plagi. Friji nyingi za mtumba kutoka Ulaya zina plagi ya pini mbili nene za duara. Ethi yake, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, iko ubavuni mwa plagi, haipo kwenye pini. Soketi zetu ni za matundu matatu, na mazoea ya watu ni kuchokoa tundu la juu kwa kijiti ili hizo pini mbili ziingie. Friji itawaka, lakini waya wa ethi haukugusa popote. Siku hitilafu ikitokea ndani, umeme utakaa kwenye bodi ya friji ukimsubiri mtoto anayekuja na miguu mitupu juu ya vigae vilivyopigwa deki. Ukigusa friji ukahisi inatekenya vidole, ichomoe. Mwambie mwenye nyumba alete fundi aweke plagi ya pini tatu na aikague ethi ya nyumba yenyewe, maana chumvi ya bahari inakula vyuma vyetu hata vilivyofukiwa. Kazi hii ni ya mwenye nyumba. Usikubali kuitoa mfukoni mwako kimyakimya.

Umeme unaporukaruka friji gadi, kile kifaa kinachoikatia friji umeme ukizidi au kupungua, husaidia, nayo muulizane mapema nani ataileta. Pia semeni ikitokea friji ikaungua kwa umeme kurudi kwa nguvu itakuwaje. Kifaa kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida ni cha mwenye nyumba kukitengeneza. Ulichovunja wewe, kwa mfano kutoboa friza ukigongoa barafu kwa kisu, ni chako. Hili la umeme liko katikati, na ndilo linalogombanisha watu, kwa hiyo lisiachwe hewani.

Halafu kuna ugeni wa mafundi. Nyumba ukishaipanga ni stara yako, na ufunguo wa akiba alionao mwenye nyumba haumpi ruhusa ya kuingia bila hodi. Omba uambiwe siku, saa, na nani anakuja. Kama mchana nyumbani yuko mke peke yake na hamtaki wanaume wageni waingie akiwa hana mtu, semeni hivyo bila kuona haya. Mwenye nyumba mwenye heshima ataelewa, na kazi itasogezwa mpaka jioni.

Mwenye nyumba akisema, "Nunua wewe, tutakatana kwenye kodi," kuwa mwangalifu zaidi. Kama umeshalipa kodi ya miezi sita mbele, makato yako yatakuja malipo ya pili, na hapo maneno ya leo yatakuwa yamesahaulika. Andikeni bei, mwezi wa kukata, na friji itakuwa ya nani utakapohama.

Wapo wanaoona kuandikiana ni kutoaminiana. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inawaamrisha waumini kuandika deni la muda. Kama ndugu wa imani wameambiwa waandikiane, mpangaji na mwenye nyumba wana udhuru gani? Na karatasi yenyewe haihitaji lugha ya wakili. Mimi siku hizi napiga picha kibati, mikwaruzo na mita, kisha natuma ujumbe: "Assalaam alaykum ami. Friji imefika leo saa kumi jioni, nashukuru. Mlango una mkwaruzo ubavuni tangu kuja. Kama tulivyokubaliana, kodi inabaki ileile mpaka mkataba uishe, na matengenezo ya kawaida ni yako." Akijibu "sawa mwanangu", neno limeshatoka mikononi mwetu wawili na tarehe yake.

Hilo la kodi kubaki ileile litaje kwa jina lake. Mlichokubaliana kwa muda fulani hakipandi katikati kwa sababu tu friji ni mpya, isipokuwa mkataba wenyewe unasema hivyo. Na mkataba usinakili wa Dar es Salaam ukabadilisha majina. Sheria ya Ardhi ya 1999 ni ya Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake. Mambo yakikwama, wa mwanzo wa kumwendea ni sheha wa shehia yako, ambaye huenda hata anakukumbuka ulipokwenda kuripoti umehamia. Ukitaka ushauri wa kisheria, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwa kikiwasaidia wananchi tangu 1992, na kwa walioko Pemba kina ofisi Chake Chake.

La mwisho ni saa zenyewe za kubadilisha. Anayeuza malai na barafu za ukwaju nyumbani hawezi kukaa siku mbili bila friza, na mwezi wa Ramadhani hata asiyeuza hawezi. Kwa hiyo mpya iingie kwanza. Ikiwa imelazwa garini, isimamishe wima na uiache saa kadhaa kabla ya kuichomeka, ili mafuta ya kompresa yarudi chini. Kisha tia bakuli la maji kwenye friza, na ile ya zamani ibaki palepale ilipo mpaka maji hayo yagande.