Umemaliza kozi ya skydiving, sasa unataka vifaa vyako: anzia wapi

Haya, kozi umemaliza, laiseni unayo au imebaki kidogo tu uipate, na ile hela ya kukodi vifaa kila ukija kuruka imeanza kukuuma. Hapo ndo watu wengi wanaanza kukesha na simu wanaangalia mabegi, rangi hii iende na ovaroli ile, jina lishonwe mgongoni. Tulia kwanza. Begi ndo kitu cha mwisho kuamua. Kinachoamua karibu kila kitu ni saizi ya parachuti utakayotua nayo, na saizi hiyo inatokana na uzito wako na uzoefu wako, mambo ya rangi yanakuja huko nyuma kabisa.

Tupige hesabu basi. Panda mzani ukiwa umevaa kila kitu, viatu, helmeti, na seti nzima mgongoni, yaani begi na parachuti zake, huo ndo uzito unaotoka nao kwenye ndege. Kama huna seti ya kujipimia we jumlisha kilo kama 10 mpaka 12 juu ya uzito wako. Kwenye huu mchezo watu wanahesabu kwa ratili na futi za mraba, kwa hiyo zidisha kilo mara 2.2. Mtu wa kilo 75 mwenye vifaa vya kilo 11 anakuwa 86, hiyo ni kama ratili 190. Sasa gawanya kwa ukubwa wa parachuti: akiruka na ya 190 anapata 1.0, akichukua ya 170 anapata kama 1.1, akichukua ya 150 tayari yuko karibu na 1.27 na hapo kwa mtu mpya ni kujitafutia kulazwa. Kaa kwenye 1.0 au chini yake. Ukimuuliza mwalimu wako, uwezekano mkubwa atakutajia namba hiyohiyo.

Ila hiyo namba ina mtego ambao wauzaji hawausemi. Parachuti ndogo ina kamba fupi, kwa hiyo hata uwiano ukiwa uleule yenyewe inageuka haraka zaidi na inapoteza mwinuko haraka zaidi. Dada wa kilo 50 akipiga hesabu anapata kama ratili 134, mtu anamwambia chukua 135, si ni 1.0 tu. Hapana, ile 135 ni kali kuliko 190 ya yule jamaa wa kilo 75, na dada wa watu anatakiwa aanzie 150 au hata 170. Na kama kituo unachorukia kiko mwinuko mkubwa ongeza saizi tena, hewa nyepesi inakufanya utue kwa kasi zaidi na parachuti ileile.

Nasisitiza hili la saizi kwa sababu sehemu kubwa ya watu wanaoumia vibaya kwenye skydiving parachuti yao ilikuwa imefunguka safi kabisa, wakaharibu kwenye kutua, wamekata kona chini sana au wamekwepa nyaya dakika ya mwisho. Utakutana na mshkaji atakwambia nunua ndogo sasa hivi, utaizoea, utaokoa hela ya kubadilisha baadaye. Muulize kama atakulipia bili ya hospitali.

Aina nayo. Kwa kuanzia tafuta parachuti yenye seli tisa, yaani vile vyumba vinavyojaa hewa, kitambaa kisichopitisha hewa, umbo la karibu mstatili au lililochongoka kidogo tu pembeni. Majina utakayoyasikia sana ni Sabre ya Performance Designs, Pilot ya Aerodyne, na Safire. Kuna Spectre pia, hiyo ina seli saba na inasifiwa kwa kufunguka polepole. Zote hizo mtu mpya anaziweza akiwa na saizi sahihi. Zile zilizochongoka sana kama Katana, au Velocity, hata ukipewa bure mwachie mwenyewe. Ukiweza, kabla ya kununua azima au kodi ya aina hiyohiyo uruke nayo mara kadhaa, watengenezaji wengi wana utaratibu wa kukodisha za majaribio.

Wakati bado unatafuta seti, nunua vitu vidogo, hivi haviharibu kitu hata ukikosea rangi. Altimita ya mkononi, kile kipima mwinuko, ndo ya kwanza kabisa, iwe ya mshale au ya kidijitali, mi naona ya mshale inasomeka haraka zaidi kwa mtu ambaye bado akili inamruka kichwani akiwa angani, lakini hilo ni la kila mtu na macho yake. Helmeti ngumu inayokaa vizuri, tikisa kichwa, isicheze. Miwani. Ovaroli inayokutosha, maana ikiwa pana sana unabaki juu wenzako wanashuka, ikibana sana unawapita. Na kisu kidogo cha ndoano cha kukatia kamba, watu wanakisahau. Altimita ya kulia sikioni ni nzuri ila isiwe ndo unayoitegemea, betri ikiisha haikuagi. Kamera achana nayo kwanza, USPA, chama cha warukaji cha Marekani, kinashauri usubiri mpaka miruko 200, na kiukweli mtu anayewaza video anasahau mwinuko.

Turudi kwenye seti. Ina vitu vinne: begi na mikanda yake, parachuti kuu, parachuti ya akiba, na kile kidude cha AAD kinachofungua akiba chenyewe ukishindwa kufungua.

Akiba watu wanaichukulia kama kitu cha kukamilisha seti tu, wanakubali yoyote iliyomo ndani ya begi. Fikiria hivi: siku utakayoihitaji huenda umezimia, au mkono umevunjika, au uko juu ya mapaa ya nyumba, na itatua yenyewe bila wewe kuvuta breki. Kwa hiyo isiwe ndogo kuliko ile kuu kwa saizi nyingi, na soma lebo yake, kuna uzito wa juu kabisa umeandikwa pale, usiupite. Pia siku parachuti zote mbili zikitoka kwa pamoja, zikiwa zinakaribiana ukubwa zinaelewana zaidi. Kwenye zile za Performance Designs kuna lebo ambayo fundi anaweka alama kila akiifunga na kila ikitumika, zikifika 40 za kufunga au 25 za kutumika inabidi irudi kiwandani ikakaguliwe, basi hesabu hizo alama kabla hujatoa hela.

AAD utazikuta hasa tatu: CYPRES ya Ujerumani ambayo ipo tangu 1991, Vigil ya Ubelgiji na M2 ya Ucheki. CYPRES ya warukaji wa kawaida inafyatua kwenye mita 225 hivi kama bado unashuka kwa kasi ya mita 35 kwa sekunde au zaidi, nyingine hazipishani nayo sana. Kwa mnunuzi wa mtumba kinachokuhusu zaidi ni tarehe. CYPRES za miaka ya karibuni zinaishi miaka 15 na nusu na huduma yake ya kiwandani ni mwaka wa 5 na wa 10, za zamani zaidi zinaishi miaka 12 na nusu, M2 miaka 15, Vigil 20. Kwa hiyo seti inayoonekana bei poa ikiwa na AAD iliyobakiza mwaka mmoja sio bei poa, umeuziwa begi na deni. Na angalia kitufe, CYPRES ya kawaida ina kitufe chekundu, chenye njano ni ya wanafunzi na inafyatua kwa kasi ndogo zaidi, ukishaanza kuzungusha parachuti kwa nguvu karibu na ardhi hiyo sio ya kwako.

Sasa begi. Kila begi limetengenezwa kwa saizi fulani za parachuti, na kwa kawaida unaweza kupanda au kushuka saizi moja, ukilazimisha zaidi ya hapo ama pini inayofunga begi inabanwa vibaya ama parachuti inacheza ndani na kufungua njiani. Nzuri kwa mtu mpya ni begi ambalo parachuti ya kwanza inaingia kwa kubana kidogo, ukija kushuka saizi moja baadaye begi linabaki lilelile. Mikanda ndo inayokuwa ngumu kwenye mtumba, maana ule mkanda mkuu wa kifuani kuja kiunoni una urefu wake, aliyeshonewa alikuwa na mwili wake. Livae, kaza, kisha ning'inia kwenye mikanda ya mazoezi pale kituoni. Kama mabega yanatoka au zile pete tatu za kuachia parachuti kuu zinakuja karibu na masikio, ni kubwa, hata kama bei inakupigia magoti. Fundi anaweza kuubadilisha mkanda ila ni kazi ya hela, iingize kwenye hesabu. Ukitaka jipya ulilopimiwa mwenyewe jiandae kusubiri miezi, na usiagize kabla hujajua saizi ya parachuti, ndo maana nimeanza na lile.

Ukipata lenye kamba ya RSL, ile inayovuta akiba pale unapoiachia kuu ikiwa mbovu, chukua na iache imefungwa. Skyhook ni bora zaidi, inaitumia ile parachuti mbovu inayoondoka kuchomoa akiba. Ni kazi ya Bill Booth, yuleyule aliyebuni pete tatu za kuachia parachuti.

Mtumba au mpya? Mi nasema mtumba kwa begi na parachuti kuu, maana ndani ya muda mfupi utataka kubadilisha, na mpya inashuka bei siku ya kwanza tu. Ila mtumba bila fundi wa parachuti hapana, na fundi huyo umchague wewe, sio wa muuzaji. Kabla hata hujamfikia fundi, mwombe muuzaji picha za lebo zote, namba za utambulisho (serial) za begi, akiba na AAD, tarehe za kutengenezwa, na kadi ya ufungaji wa akiba. Anayezungusha maneno kwenye picha za lebo achana naye. Namba hizo mpe fundi aangalie kama kuna tangazo la kiwanda la kurekebisha kitu.

Mzigo ukifika utandaze chini na uangalie mwenyewe pia, utajifunza mengi. Anzia juu ya kitambaa, rangi iliyofifia upande mmoja inamaanisha jua, na jua linakula nailoni. Nusa, ndio nusa, kitu kilichotua kwenye maji ya chumvi au kilichokaa unyevuni kina harufu yake, na ukiona vyuma vina kutu jua umeotea. Pitisha kidole kwenye pete za chuma za slaida, kile kitambaa kinachoteleza kwenye kamba kupunguza kasi ya kufunguka, ukikwaruzwa hata kidogo ndo hapo kamba zinapokatikia. Kamba zenyewe ziangalie zilipopita kwenye slaida, zikiwa na manyoya zimechoka, na zile za usukani ndo zinazochakaa mwanzo, zinasinyaa kwa joto la msuguano mpaka parachuti inaanza kuvuta upande au kufunguka kwa fujo. Seti mpya ya kamba inabadilisha parachuti nzee kabisa, ila ni gharama, kwa hiyo kata kwenye bei. Kisha chukua kile kiparachuti kidogo cha kurusha, kinachovuta parachuti kuu itoke, kiweke tayari, vuta, utazame kamba yake ya katikati: ikiwa imesinyaa hakijai upepo vizuri na unaweza kukirusha kikakuburuzia tu nyuma. Mfuko wake chini ya begi ushike, kama mpira umelegea kinaweza kutoka chenyewe ukiwa mlangoni mwa ndege, hilo halina utani. Velcro, mishono ya mikanda, kitanzi cha kufungia pini, vyote hivyo ni vya bei ndogo kubadilisha lakini vikiwa vibovu vyote kwa pamoja vinakwambia mwenye mali alikuwa mtu wa aina gani.

Malipo: hela isitoke yote mpaka fundi aseme ndio. Muuzaji wa kweli anakubali kuutuma mzigo kwa fundi moja kwa moja na pesa ikae kwa mtu wa tatu mnayemwamini wote. Anayekuharakisha kwamba kuna mwingine anakuja kuchukua jioni, mwambie amuuzie huyo wa jioni.

Usisahau gharama inayoendelea. Akiba lazima ifunguliwe, ikaguliwe na kufungwa upya kila kipindi, Marekani ni siku 180, nchi nyingine mpaka mwaka mzima, uliza sheria ya hapo unaporukia. Ukisafiri nayo kwa ndege ibebe mkononi, na kadi ya AAD iwe karibu kwa ajili ya wale wa ukaguzi.

Siku ya kwanza na seti yako usijichanganye na kundi. Vishikio vya kuachia na vya akiba vinaweza kuwa vimekaa sehemu tofauti au vina umbo tofauti na vile vya kozi, kwa hiyo ning'inia chini kwanza urudie hatua za dharura mpaka mkono uende wenyewe bila macho. Ruka peke yako, mwambie rubani na wenzako kwamba utafungua juu, futi 5,000 hivi, halafu ule muda wote wa ziada utumie: vuta breki mpaka uone inapoanza kuzama, geuza kushoto na kulia, igiza kutua mara tatu nne huko juu, na ukishafika futi 1,000 acha majaribio yote, ingia kwenye mzunguko wa kutua kama ulivyofundishwa.